Ndege ni Ishara, si Nuksi

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo baina yake. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu zetu wa miji hii ya pwani, katika darsa zetu tumeulizwa zaidi ya mara moja: je, yafaa Muislamu kuacha shughuli zake akaenda msituni, au kandoni mwa hori, kwa ajili ya kutazama ndege tu? Vijana wetu kadhaa wameanza kutoka asubuhi za Jumapili, wana darubini na madaftari, nao baadhi ya wazee wao wamechukizwa. Wasema huo ni upuzi, na kwamba mchezo wa watalii hauwafai watoto wa Kiislamu. Tumeona yatupasa kulijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna jambo kubwa kuliko wanavyodhani wenye kuuliza.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi watu wa pwani hatukuacha kabisa kuwaangalia ndege. Wengi wetu twawaangalia, na twawasikiliza, lakini twafanya hivyo kwa khofu. Bundi akilia juu ya dari, nyumba nzima haipati usingizi. Msafiri akikutana na ndege asiyempenda njiani, moyo wake warudi nyuma kabla ya miguu yake. Hata lugha yetu imelipokea jambo hili, kwani neno "ndege" kwetu lina maana mbili: kiumbe arukaye kwa mbawa, na bahati impatayo mtu. Twasema fulani ana "ndege njema", na fulani ana "ndege mbaya". Basi wale wazee wanaowakataza vijana kutazama ndege, waulizeni kwanza: mwaonaje juu ya mlio wa bundi? Wengi katika wao mtawakuta wamekwisha kuamini juu ya ndege mambo yaliyo mabaya zaidi kuliko kuwatazama.

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na ada kama hii. Mtu akitaka kusafiri au kuoa au kufanya biashara, humfurusha ndege aliyetua. Akiruka upande wa kulia, huyo mtu huendelea na azma yake. Akiruka upande wa kushoto, hurejea nyumbani. Ada hiyo waliiita tiyara, nalo ni neno litokalo katika jina la ndege kwa lugha yao, kama lilivyotoka letu. Uislamu ulipokuja uliikata ada hii kwenye mzizi. Mtume wetu (S.A.W.) alikana kuwa tiyara ina athari yoyote, na pamoja nayo akaikana itikadi ya Waarabu juu ya bundi, na Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Ibn Masud, tiyara imeitwa kwa jina lake la kweli, nalo ni shirki. Si kosa dogo la kuchekwa. Ni kumpa kiumbe dhaifu sehemu katika mambo ya ghaibu na ya manufaa na madhara, nayo yote ni ya Mungu peke yake.

Na Kurani Tukufu imetuonesha ni akina nani waliokuwa na tabia hii. Katika Sura Yasin, watu wa mji walipojiwa na wajumbe walisema kuwa wamepata kisirani kwa sababu yao. Wajumbe wakawajibu kuwa kisirani chao wanacho wenyewe. Kaumu Thamud walimwambia Nabii Saleh kama hayo. Na watu wa Firauni kila walipofikwa na shida walimtupia nuksi Nabii Musa na waliokuwa pamoja naye. Tazama, ndugu msomaji: tabia hii kila ilipotajwa, imetajwa kuwa ni ya wale waliowakadhibisha Mitume. Haikutajwa hata mara moja kuwa ni tabia ya wenye kuamini.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni mambo ya moyoni tu, hayamdhuru mtu." Twamjibu kuwa yadhuru, tena yadhuru sana. Katika mji mmoja wa pwani hii, nasi hatutautaja wala hatutamtaja mtu, mzee mmoja alishikwa na homa kali. Usiku wa pili bundi akalia juu ya mkungu ulio mbele ya nyumba. Watu wa nyumba wakatazamana, wakasema, "Amekwisha kuitwa." Mwanawe alikuwa amekwisha kukodi gari la kumpeleka babake hospitali, wakamzuia, wakasema aitwe mganga kwanza atoe kisirani kilichoingia. Mganga akaja, akataka kuku mweusi na ubani na fedha. Zikapita siku mbili. Mgonjwa alipofikishwa hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Yule mzee alifariki, Mungu amrehemu. Hatusemi kuwa angaliishi, kwani ajali iko mikononi mwa Mola wake. Lakini twasema kuwa waliomzunguka waliacha sababu waliyoamrishwa, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu, wakashika sababu waliyokatazwa. Na lililo baya zaidi ni lile lililosemwa baada ya maziko, kwamba bundi hasemi uwongo.

Sasa na tulipime neno hili kwa akili, kwa kuwa Mungu ametupa akili tuitumie. Bundi hulia karibu kila usiku, khasa wakati wa kutafuta mwenzi na kulinda mahali pake. Hulia juu ya nyumba za wazima na za wagonjwa. Lakini wazima wamelala, hawamsikii. Nyumba yenye mgonjwa watu wake wako macho, taa inawaka, kila sauti ya usiku huingia masikioni mwao. Basi wao humsikia bundi kwa sababu wanakesha, wala mgonjwa hafi kwa sababu bundi amelia. Kisha tuhesabu: ni mara ngapi bundi alilia na mgonjwa akapona? Hizo hakuna azihesabuye. Huhesabiwa ile moja tu iliyoafikiana na mauti, ikasimuliwa miaka ishirini.

Na huyo bundi mwenyewe ni nani? Ni ndege aliyepewa macho makubwa ya kuonea gizani, na masikio makali ya kusikia panya anayetambaa majanini, na manyoya laini yasiyotoa sauti arukapo. Chakula chake kikubwa ni panya na wadudu. Yule anayekaa katika dari za nyumba zetu za zamani hutuondolea panya waharibuo nafaka na kuleta maradhi, wala hatutaki malipo. Nasi malipo tunayompa ni mawe. Watoto wetu wamejifunza kwa wakubwa wao kuwa kumwua bundi ni kuondoa balaa, nao humfuata kwa manati mpaka aanguke. Hao wakubwa wataulizwa. Nasai amepokea Hadithi ya kwamba amwuaye shomoro, au aliye mkubwa kuliko yeye, pasipo haki, Mwenyezi Mungu atamwuliza khabari yake Siku ya Kiyama. Ikiwa shomoro ataulizwa, bundi je?

Tena katika pwani yetu hii Mungu ameweka bundi mdogo mno, kimo chake hakifiki sentimita 20, anayekaa katika msitu wa Arabuko-Sokoke baina ya Kilifi na Malindi. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1966. Hajulikani popote ulimwenguni ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya na ile iliyo chini ya milima ya Usambara katika Tanzania. Baadhi yao ni wa kijivu, na baadhi ni wa rangi ya kutu. Watu hupanda ndege za angani kutoka Ulaya na Marekani, wakatoa mali nyingi, ili wamwone bundi huyu mara moja katika umri wao. Sisi tuliozaliwa karibu naye, neno tulijualo juu ya bundi ni moja tu: nuksi.

Ikiwa ndege si nuksi, basi ni nini kwetu? Kurani yatujibu kuwa ni ishara. Katika Sura Al-Mulk, Mwenyezi Mungu awaonya wale wasiowatazama ndege walio juu yao, wakizikunjua mbawa zao na kuzikunja, hawashikwi na yeyote ila Yeye Mwingi wa Rehema. Katika Sura An-Nahl jambo hili limetajwa kwa mara nyingine, na likafuatwa na neno la kuwa humo mna ishara kwa watu wanaoamini. Katika Sura Al-An'am twafahamishwa kuwa ndege na wanyama ni umma mfano wetu. Na katika Sura An-Nur twaambiwa kuwa ndege, hali wamezikunjua mbawa zao, wamtakasa Mola wao, na kila mmoja aijua sala yake na tasbihi yake. Fikiri, ewe ndugu: kiumbe unayedhani kuwa amekuja kukutangazia mauti, huenda yuko katika tasbihi.

Basi kutazama ndege kwa nia ya mazingatio ni kuitikia mwito wa Kurani. Iko Hadithi isemwayo sana na watu juu ya saa moja ya kufikiri kuwa bora kuliko ibada ya muda mrefu. Hiyo wanazuoni wa Hadithi hawakuithibitisha, nasi hatuihitaji, kwa kuwa aya hizo zatutosha.

Ama neno la kuwa mambo haya ni ya watalii, halina msingi. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama na ndege. Na mwanachuoni Ad-Damiri wa Misri, naye ni katika wafuasi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, alitunga Hayat al-Hayawan, akawapanga humo viumbe kwa majina yao, na hukumu zao za kisharia, na khabari zao. Na kabla ya hao wote, Babetu Adam elimu yake ya kwanza ilikuwa ni kufundishwa majina. Sisi leo majina tunayapoteza. Wazee wetu walijua kulastara na yangeyange, furukombe na mdiria, chozi na mnana na mbayuwayu, na hudihudi aliyemletea Nabii Suleiman khabari ya Sabaa. Waulizeni watoto wa leo. Kila mmoja watamwita "ndege", basi. Ikiwa mwana wa pwani hamjui mdiria akaaye juu ya mkoko, wala hawezi kumtofautisha na chozi, tutasemaje kuwa ameziona ishara za Mola wake?

Naye Mtume (S.A.W.) alipomkuta mtoto mdogo, Abu Umair nduguye Anas, amehuzunika kwa kufa kijidege alichokuwa akicheza nacho, alimwuliza khabari ya kijidege hicho kwa upole na utani, ili amliwaze. Na safarini, baadhi ya Masahaba walipochukua makinda ya ndege, mama yao akawa arukaruka juu kwa majonzi, Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Huyu ndiye kigezo chetu.

Atakaye kutoka na watu wake, Mungu amemkunjulia mahali pengi. Aende hori ya Mida, karibu na Watamu, katika miezi ya kaskazi, wakati wa maji kutoka. Atawaona matopeni ndege wa pwani kwa mamia. Baadhi yao ni wadogo, uzito wao haufiki gramu 100, nao wametoka kaskazini mwa Siberia, wakavuka nchi na bahari bila ya dira wala nahodha. Miongoni mwao yuko ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, chakula chake ni kaa. Huyu hutaga yai moja tu, katika shimo alichimbalo mchangani, katika fukwe na visiwa vya Ghuba na Oman na Bahari ya Sham. Kisha huja kwetu na mwanawe, na hata huku utamwona mtoto akimfuata mzazi wake akiomba alishwe. Njia ile ile waliyopita mababu zetu kwa majahazi, huyu huipita kwa mbawa zake. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Umar aliyoipokea Tirmidhi, ametupigia mfano wa ndege watokao asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba, ili tujue kutegemea kwa haki. Wala hakusema kuwa hukaa viotani wakingoja. Ametaja kutoka kwao.

Karibu na hapo uko mji wa Gedi, mji wa Waislamu uliohamwa yapata miaka 400 iliyopita. Msikiti wake mkubwa u magofu, na miti imeota ndani ya nyumba zake. Mwaka 2024 umeingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu. Na atembee humo taratibu, awasikilize ndege katika magofu, akumbuke waliokuwa wakiadhini hapo. Lakini tahadhari, ndugu: usiende Gedi kutupa sarafu wala kufukiza ubani kwa majini. Nenda kwa mazingatio, urudi na tauhidi yako.

Kisha msitu wa Arabuko-Sokoke u jirani, wenye kadiri ya kilomita 420 za mraba. Humo na katika msitu wa Dakatcha ulio nyuma ya Malindi yuko mnana wa namna ya peke yake, asiyepatikana nchi nyingine yoyote. Wataalamu walimwandika mwaka 1913, na wakakaa yapata miaka mia hawajui mahali anapotaga, mpaka viota vyake vilipoonekana Dakatcha mwaka 2013. Mungu amesema katika Sura Hud kuwa hakuna kiumbe ardhini ila riziki yake i juu Yake, na kwamba Yeye ajua mahali pake pa kukaa na pa kuwekwa. Miaka mia wanadamu wakitafuta, na kiota kilikuwa katika ilimu ya Mola siku zote.

Na aliye Mombasa asiyeweza safari, aende Bamburi, akaone machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa la mawe, yakaanza kupandwa mivinje mwaka 1971, na leo ni bustani yenye maji na ndege. Hilo ni somo la ile Hadithi ya kuwa apandaye mti akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Au na asimame tu kandoni mwa hori ya Tudor baada ya alfajiri. Ila huko mjini atamwona zaidi kunguru, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani yote, akawa ala mayai na makinda ya ndege wetu wa asili. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza. Na sharia yaruhusu kuondoa kunguru mwenye madhara, wala hilo si kinyume cha huruma. Lakini na tujiulize ni nani anayewalisha. Ni jaa la taka lililo pembeni mwa mtaa, na sisi ndio tulilolijaza.

Kutoka huku kuna adabu zake. Ya kwanza, sala: atokaye na asali alfajiri kwa jamaa, wala adhuhuri isimpite kwa sababu ya ndege. Ya pili, utulivu: atembee kimya, asitupe jiwe wala asisogelee kiota. Ya tatu, manati na ulimbo vibaki nyumbani, tena heri vichomwe. Mpe mtoto daftari na kalamu badala yake, aandike jina la kila ndege amwonaye, na lile asilolijua amwulize babu yake. Ya nne, wake zetu na binti zetu wasiachwe majumbani. Watoke pamoja na watu wao kwa sitara, kwani aya za mazingatio hazikuteremshwa kwa wanaume peke yao. Ya tano, wasiache nyuma yao karatasi wala chupa.

Twamaliza kwa wasia mmoja. Bundi atalia tena, na huenda moyo wako ukashtuka. Kushtuka si dhambi, Sahaba mmoja alimtajia Mtume (S.A.W.) watu wanaoona kisirani, akaambiwa kuwa hilo ni jambo walionalo vifuani mwao, basi lisiwazuie. Hadithi hiyo ni ya Muslim. Basi lisikuzuie. Ikiwa ulikuwa na safari, safiri. Ikiwa una mgonjwa, mpeleke hospitali usiku huo huo. Kiri kuwa kheri yote ni ya Mungu, na ndege ni ndege wake, wala hakuna wa kuabudiwa ila Yeye. Kisha mshike mwanao mkono, utoke naye uani, umwoneshe yule ndege juu ya mti, umwambie: "Mwanangu, huyu ni kiumbe wa Mungu, anatafuta riziki yake."

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na khurafati, atujaalie macho yenye kuona na masikio yenye kusikia, na awahifadhi watoto wetu katika tauhidi. Amin. Wallahu a'lam.